Nyuzi Mbili

Saa mbili asubuhi nakata nta.
Ndani ya nta kimelala kipande cha sikio,
kidogo kama punje ya ulezi,
na kisu cha mashine kinakichana utando kwa utando
mpaka nuru ipenye.
Kwenye kichupa hakuna jina, kuna namba: arobaini na moja.
Daktari Shemhilu alituonya, majina yabaki kabatini,
namba haina mama.

Lakini sikio hilo nalijua.
Nililifinya utotoni, Barabara ya Kumi na Tano,
kwa ajili ya kashata iliyoibwa.

Mhina alinifuata mimi, mweupe kama tui la kwanza.
Mkunga akanyamaza. Bibi akauliza, "Huyu wa nani?"
Mama akajibu, "Wa tumbo hili hili."

Alipokua akapata kazi shambani, njia ya Muheza,
kuanika singa zikitoka korona,
kutwa kwenye nyaya,
na jua la Tanga halibembelezi mtu.
Singa ikianikwa hung'aa, hupanda daraja, huuzwa ghali.
Ndugu yangu alipoanikwa
akaota kidonda kisichofunga.
Jua lile lile.
Waya ule ule.

Siku ya kumweleza niliomba kamba,
nikaufumua msokoto. "Tazama, nyuzi mbili.
Kila chembe yako ina kamba kama hii,
imeandikwa kwa herufi nne tu,
na kila herufi imemshika mkono mwenzake wa ng'ambo.
Sasa ule mwanga usioonekana, vitabuni huitwa urujuanimno,
ukikuta herufi mbili za namna moja zimepakana
huzigandisha ubavu kwa ubavu,
zikawaachia mkono wenzi wao."
"Kama watoro wa ndoa," akasema.
"Kama hao. Huja fundi, akakata, akaziba.
Siku nyingine fundi ana haraka,
akaziba kwa herufi siyo."
"Na nyapara yuko wapi?"

Swali hilo sikulitegemea.
Kwa kuwa nyapara yupo. Ni jeni moja,
kazi yake kupiga kelele, Zima mashine!
ili chembe iliyoharibika isizae.
Ndiye tunayemsaka mimi na Mwantumu tangu masika,
namba kwa namba,
na mara nyingi tunamkuta kwenye kiti chake,
herufi moja imebadilishwa,
macho wazi, hasemi kitu.

Tulihitaji damu ya kulinganishia,
ya mtu asiye na kasoro.
Nikakunja mkono wa shati.

Majibu yalitoka Alhamisi, umeme ukikatika na kurudi.
Pale penye jeni inayopika wino wa ngozi
nakala yangu moja nzima.
Ya pili imenyofoka, kipande kile kile
alichokikosa Mhina.

Sikulia. Nikaosha vioo, vyote, hata visafi.
Mtaani walimwita majina nami nimemshika mkono,
nikiwarushia mawe, nikijiona mlinzi
wa jambo lisilonihusu.
Kumbe nusu yake nilitembea nayo
chini ya kivuli cha ngozi yangu mwenyewe;
baba alitoa nusu, mama nusu,
wala hapakuwa na laana, palikuwa na kukutana.

Jumapili nikampelekea kofia pana na habari.
Siku hizi wamemhamishia stoo, anapima marobota,
bandeji imemfunika upande mmoja wa kichwa
kwa hiyo nilizungumza kwenye sikio lililobaki.
Akasikiliza mpaka mwisho.
Akaiokota kamba niliyoifumua siku ile
akaanza kuisokota upya, polepole, kwa viganja.

"Basi Bibi," akasema, "angeuliza mara mbili."

Tukacheka, akashika bandeji, maana kucheka kunauma.
Kisha: "Na nyapara wangu, mtamwamsha?"

Sijui, Mhina.
Kesho saa mbili nina arobaini na mbili.